Ngoma Zilizotoka Kilambo

Wateja wote ninaowajua huanza na nje. Mtu analeta seti ya dramu iliyolala stoo tangu enzi za bendi za mashirika, na kitu cha kwanza anachouliza ni rangi: itang'aa? Utaipata bluu ileile? Ndani ya mzinga wa mbao hachungulii. Kwa hiyo Jumatatu ile, mwanamke wa miaka arobaini hivi alipoteremsha ngoma tano kutoka kwenye pikapu mbele ya karakana yangu pale Chikongola, Mtwara, akasema, "Fundi, nje sina haraka nako. Anzia ndani," nilimtilia shaka hapohapo. Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema. Kazi ya kufufua ngoma kuukuu imenifundisha kwamba kila anayeleta anaficha kitu. Kama si ufa, basi ni mahali alikoitoa.

"Umezitoa wapi, dada?"

"Kilambo."

"Kilambo yetu, au umevusha kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani?"

"Yetu. Wewe zifungue tu, fundi. Ijumaa nitapita."

Akaniandikia jina na namba kwenye kipande cha karatasi: Safina Shaibu. Lile jina la pili nililisoma mara mbili.

Alipoondoka nilichukua kitambaa kibichi, nikafuta masizi kwenye ngoma kubwa. Bluu ikatokea. Nikafuta pete yake ya mbao, na herufi M ikatokea, imekwenda upande kidogo.

M ile niliichora mimi, Muzamil, kwa msumari, nikiwa na miaka minane, na nilichapwa kwa ajili yake. Hizi zilikuwa ngoma za baba yangu, Hemedi, zama zile bendi yao ikipiga ukumbini Rahaleo. Masika ya mwaka 1987 zilivuma habari kwamba vyombo vya bendi vitapelekwa Dar es Salaam. Wiki hiyohiyo ngoma zikapotea. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo alikuwa akikaa nao mpiga gitaa, Shaibu, rafiki mkubwa wa baba. Polisi walimshika, wakamwachia. Mji haukumwachia. Msikitini akiingia, watu walikuwa wakisogeza viatu vyao mbali na vyake. Mwisho alihamia Kilambo, na mjini hakukanyaga tena.

Tangu hapo mimi nilimkuta mara moja tu, miaka miwili iliyopita, pale kivukoni Kilambo. Mzee mwembamba, kanzu imepauka. Alinijua kwa sura ya baba, akasimama akisubiri nimwamkie. Sikumpa shikamoo. Nilimpita kama ninavyopita nguzo ya umeme, na niliporudi mjini nilisimulia kwa majivuno.

Basi Jumatatu hiyo sikukaa kimya. Nilitoka hadi kwa Mzee Hamisi, fundi cherehani jirani yangu, nikapaza sauti mtaa mzima usikie. "Ngoma za baba zimerudi! Mwizi kamtuma mwanawe nimsafishie!"

Mzee Hamisi alisimamisha cherehani. "Si tulisema? Yule mimi nilimtemea mate mlangoni kwake, kweupe."

Kufika adhuhuri, kila muuza duka alikuwa anajua. Nilikusudia kuzipiga picha ndani na nje, kisha niwapelekee polisi. Jumatano nikalegeza skrubu, nikatoa pete na ngozi ya ngoma kubwa, nikamulika kwa tochi ya simu.

Ndani mlikuwa mweusi, mnang'aa. Mzinga ulipakwa mafuta ya maganda ya korosho, dawa yetu ya kuzuia mchwa. Yakikauka huwa magumu kama ukucha, lakini yakiwa mabichi yanababua mikono ya mpakaji. Zilipokuwa ukumbini ngoma hizi hazikupakwa kitu ndani. Nilikuwa nikiingiza kichwa changu humo na kupiga kelele, naijua ile mbao. Kwa hiyo zilipakwa baada ya kupotea. Nikafurahi, nikajisemea kwamba mwizi alikuwa mtu wa korosho. Kama vile Mtwara kuna asiyekuwa mtu wa korosho.

Halafu nikauona mstari. Mahali mbao ilipokutana na kuungwa, palikuwa pameachwa upana wa vidole viwili bila mafuta, wima, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikafungua ngoma ya pili, ya tatu. Zote vilevile.

Nilikaa chini. Mafundi wengine hupaka kote. Anayeacha kiungio kitupu ni mimi peke yangu, na mimi nilifundishwa na baba. "Kiache kipumue," alikuwa akiniambia, na kuniwekea vidole vyake viwili kama kipimo.

Ndipo nikaikumbuka mikono yake. Masika yaleyale, siku chache baada ya ngoma kupotea, baba alirudi kutoka shambani kwetu Kilambo viganja vimebabuka, ngozi inachunika. Alimwambia mama kwamba alikuwa akibangua korosho. Korosho gani katikati ya masika, wakati mikorosho haina hata ua? Lakini nani angemuuliza mtu aliyeibiwa? Wiki nzima nilimlisha ugali kwa mkono wangu, tonge kwa tonge, huku nikimlaani Shaibu kwa sauti. Baba alitafuna na kumeza. Hadi anaingia kaburini hakumtaja Shaibu kwa ubaya hata siku moja. Nilidhani ule ni uungwana.

Kopo la mafuta lilikuwa mezani. Mstari ule, nani mwingine angeweza kuusoma? Mpako mmoja tu, na baba angebaki baba. Nakiri: nilichovya brashi, nikaiinua. Sikuacha kwa wema. Tone lilinidondokea juu ya mkono, likaanza kuwasha, na nikashindwa kuendelea.

Ijumaa asubuhi Safina alifika.

"Umefungua?"

"Nimefungua. Zilikuwa wapi?"

"Darini. Lile shamba mliloliuza baada ya msiba, mume wangu alikuja kulinunua. Tulikuwa tunaezua makuti ya ile nyumba ya shambani tuweke bati."

"Mbona Jumatatu hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema baba yangu ndiye aliyezipandisha huko. Mzee alisema ukizifungua utaujua mkono wa baba yako."

Ningesema hivyo. Tena ningesema kwa sauti.

"Mzee alikuwa anajua?"

"Baba yako ndiye aliyemwomba ufunguo jioni ile, kaka Muzamil. Baba yangu alijua tangu asubuhi yake. Alisema, Hemedi ni rafiki yangu, atasema mwenyewe. Akamsubiri."

Niliona aibu. Niliivingirisha ngoma kubwa hadi barazani, haina ngozi, mdomo umeelekea barabarani, nikawaita walewale niliowapigia kelele Jumatatu.

"Njooni mtazame! Kiungio hiki kimeachwa na mkono wa baba yangu. Alizificha mwenyewe shambani kwetu, zisipelekwe Dar. Shaibu hakuiba!"

Mzee Hamisi aliinama akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, akarudi dukani kwake, na cherehani sikuisikia tena asubuhi ile.

Safina alikuwa ameshapiga simu. Akanikabidhi. "Yupo. Mwambie mwenyewe."

Maneno niliyoyapanga tangu Jumatano yaliniruka yote. Nilimsikia mzee akipumua, na jogoo akiwika nyuma yake. Lililonijia ni lile moja tu nililomnyima pale kivukoni.

"Shikamoo, mzee Shaibu."

 

"Marahaba, mwanangu," akasema taratibu. Halafu akauliza, "Ijumaa ijayo nikija kuswali hapo mjini, watu watasogeza viatu?"

Nilitazama waliosimama barazani. Hakuna aliyeinua macho.

"Viweke juu ya vyangu, baba," nikamwambia.