Presha ya Mzee

Siku ya kuposwa kwangu nilikuwa nimefichwa jikoni, nyumbani kwetu Kimulot, ndani ya gauni la kukodi ambalo mama alinikataza hata kulikaribia nikiwa na kikombe cha chai. Wageni wakija, msichana haonekani mpaka aitwe. Mimi ni fundi wa magari. Kufichwa ni kazi iliyonishinda.

Sebuleni walikaa baba yangu Mzee Bethwel na wazee wa ukoo. Mkubwa wao alikuwa Mzee Weldon, ambaye tangu mwanzo hakutaka niolewe na Zack. Zack hana kosa lolote. Ni fundi cherehani pale Kapsoit, ila wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma majani chai, na kwa Mzee Weldon hilo lilitosha. Alikuwa ametangaza mbele ya wote: "Saa nane ikifika hawajakanyaga hapa, mimi naenda kupeleka maziwa, na hii maneno imeisha."

Saa nane kasorobo simu yangu ikalia.

"Chepchumba, tumekwama," Zack akasema. "Gari inatoa moshi nyeusi, inatetemeka, mlima imekataa kabisa."

Gari hilo ni la Ogari, mjomba wake, Corolla iliyonizidi umri, na kwenye karakana sote tunaliita Mzee. Niliweka simu kwenye spika ili mama naye asikie.

"Fungua boneti. Unaona nini?"

"Kuna kitu iko na waya moja, huku chini karibu na filta."

"Hiyo ni presha ya oil. Achana nayo!"

"Ingine iko na waya mbili, paipu mbili."

"Hiyo ni valvu. Zack, si uhesabu! Nataka ya presha ya hewa, ya waya tatu! Waya tatu na paipu moja nyembamba, imefungwa kwa ukuta nyuma ya injini!"

Mtandao wa huku kwetu ni wa kupiga kelele, nami sauti yangu imelelewa na nyundo. Mama aliniashiria nishushe. Ningeshusha vipi, na saa inakimbia?

"Nimeipata!" Zack akapaza sauti. "Paipu imechomoka. Mdomo yake imepasuka."

Nilifurahi mpaka nikasahau niko wapi. Zack hatembei bila mkasi, kwa hiyo alikata pale palipopasuka huku mimi nikimhimiza: "Sasa mrudishie paipu! Sukuma mpaka mwisho! Mzee yuko sawa, ilikuwa presha tu! Mwache apumue kidogo kabla mpande mlima!"

Sauti yangu ilifika sebuleni.

"Nani amewekwa paipu?" Mzee Weldon akauliza.

Baba akakohoa. "Ni mzee wao, Ogari. Ameshikwa na presha hapo kwa mlima."

Nilirukia mlango kwenda kusahihisha, lakini mama alinidaka gauni. "Ukitoka umeharibu mambo yote. Keti!" Nikaketi, aibu imenijaa, nikitega sikio.

"Amewekwa paipu barabarani na bado anakuja?" Mzee Weldon akauliza.

"Anakuja," baba akajibu.

"Basi huyo ni mtu. Hakuna mtu kutoka hapa. Maziwa mtu mwingine apeleke." Kisha akasimama kumwombea mgonjwa, na maombi yenyewe hayakuwa ya haraka.

Saa nane na dakika ishirini nilimsikia Mzee akipanda kilima, injini imetulia, haikohoi hata kidogo. Nilitaka kuruka. Ogari, mwenye afya ya fahali, alishuka akashangaa kuona wazee wawili wamemshika makwapa. Mzee Weldon alimpa kiti chake mwenyewe, akammiminia mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, akaamuru nyama yake isitiwe chumvi. Ogari hakuelewa kitu, ila heshima haikataliwi. Alikula, akashukuru.

Na mtu uliyemwombea kwa machozi utamfukuzaje? Kabla ya chai ya pili Mzee Weldon alikuwa akimwita "ndugu yangu". Nilipoitwa na kuulizwa kama nawajua wageni hawa, nilijibu ndiyo kwa sauti ya karakana, na nyumba nzima ikacheka, Mzee Weldon akiwa wa kwanza.

Wageni walipoondoka nilimfuata baba uani, akisuuza vikombe. Roho ilinisuta.

"Baba, nisamehe. Leo wazee wamedanganyika kwa ajili yangu. Yule Mzee niliyekuwa nikimpigia kelele ni gari."

Baba aliendelea kusuuza.

"Nimeendesha lori ya majani miaka ishirini na mbili," akasema. "Mzee gani ako na waya tatu?"