Ganzi ya Haji Qadri

Jino lilimtesa Haji Qadri siku tisa. Siku ya kumi mkewe Nagat akamkokota hadi kwa daktari wa meno pale Shubra. Haji alikuwa muuza koshari, ule wali wa dengu na tambi, na siri ya mchuzi wake wa siki hakumwambia mtu, hata mke.

"Chagua, Haji," alisema Daktari Mirvat. "Kuna sindano ya ganzi kwenye ufizi. Kuna gesi ya kuchekesha. Au nikupe dawa ya mshipani, usinzie."

"Mtu akivuta hiyo gesi, anasema?"

"Wengine huimba."

"Na anayesinzia?"

"Huropoka, lakini hatusikilizi."

Haji akamtupia jicho baya. Tangu Bayumi, jirani yake wa ghorofa ya chini, afungue duka la koshari lenye mchuzi uleule, hakumwamini mtu.

"Nichome ya ufizi," akasema. "Nibaki na akili zangu."

Sindano aliiogopa kama kifo. Ilipoingia, alimkaba Nagat mkono mpaka bangili zikapinda.

Njiani kurudi nyumbani, shavu limemvimba kama andazi na mate yakimchuruzika, alijitapa: "Thiri yangu nimeifitha."

"Siri gani, baba Hisham?" alisema Nagat, akimfuta kidevu. "Siki, bizari nyembamba, kitunguu saumu, na maji yaliyochemshiwa dengu. Miaka thelathini unaikariri usingizini, dirisha wazi, kwa sauti ya muadhini. Mimi nimeshazoea. Bayumi ndiye aliyechukua kalamu."