Fulana ya Kiraka

Mke wa fundi Sindano alikuwa na msemo wake: kwamba mumewe ana makalio ya kuazima, ndiyo maana hayakalii sana, anaogopa mwenyewe atakuja kuyadai. Kilichoweza kumtuliza duniani kilikuwa kimoja tu, cherehani. Akishakaa nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga, mguu unakwenda, mkono unasukuma kitambaa, basi mwili mzima unatulia kama mtoto aliyepewa titi. Mnyanyue hapo uone: atafungua dirisha, atalifunga, atazunguka chumba kizima akitafuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake mwenyewe.

Na wiki ile cherehani ilikuwa imefunikwa shuka gubigubi, kama maiti.

Sababu ilikuwa imelala sakafuni, kwenye godoro lililokunjwa mara mbili. Aliitwa Kiraka, kwa baka la kahawia lililozunguka jicho lake la kushoto. Walimchukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama, fundi akiwa na nia moja, apate mlinzi wa duka, maana chumba cha mbele cha nyumba ndicho duka lenyewe. Watu wa kituo walimweleza wazi. Mbwa huyu alikutwa amefungwa ndani ya nyumba ambayo wenyewe walishahama. Waliamka, wakabeba vyombo, wakamwacha.

"Ataogopa kidogo," walisema.

Kidogo! Kiraka aliogopa mwavuli. Aliogopa ufagio, kikohozi, na siku moja alimwogopa kuku.

"Hongera," mke alimwambia mumewe. "Umepata mlinzi anayehitaji mlinzi."

Kitu kimoja tu Kiraka hakukiogopa, nacho ndicho kilichomponza: mabaki ya vitambaa. Fundi Sindano tangu ujana wake akikata, anaachia chini. Vipande vya bitana, nyuzi, pindo zilizofumuliwa, vyote chini ya cherehani, atafagia jioni. Mbwa aliyewahi kushinda na njaa ndani ya nyumba tupu haulizi kama kitu ni chakula. Alimeza. Alipoanza kutapika na kukataa hata maji, walimkimbiza kwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, naye akampasua tumbo akatoa fundo la bitana ya kijani lililofungamana na uzi.

"Hii ni ya nani?" daktari aliuliza, akiliinua kwa koleo.

Fundi aliitambua mara moja. Ilikuwa ya koti la mwalimu mkuu.

Siku ya kumruhusu Kiraka, daktari alimkalisha fundi chini akampa maneno machache. Mbwa apumzike. Asiruke, asizungukezunguke, na zaidi ya yote asilambe mshono. "Ngozi yake ni nyembamba, amekonda sana. Ikifumuka, sidhani kama nitapata pa kushika tena."

Mtu mwingine angehitaji maelezo. Fundi hakuhitaji. Alijua kitambaa kilichofumuliwa kikashonwa, kikafumuliwa tena: sindano inapita, uzi hauna cha kushika. Alirudi nyumbani amembeba Kiraka kifuani.

Kwanza alifagia. Alifagia hadi nyufa za sakafu, akatia mabaki yote kwenye mfuko, mfuko akautundika kwenye msumari juu kabisa, karibu na dari. Kisha akafunika cherehani, mgonjwa asipigiwe kelele. Kisha akabaki amesimama katikati ya chumba, hajui mikono aiweke wapi.

Tatizo la pili lilikuwa ile kola ya plastiki waliyomvisha Kiraka shingoni asifikie tumbo. Ilikuwa kama ndoo iliyotoka kitako. Aligonga nayo mlango, akagonga mguu wa meza, kila akigonga akashtuka, kila akishtuka akaruka. Fundi akampigia daktari simu: je, akimshonea fulana ya kufunika mshono? Daktari akasema sawa, mradi ikae mwilini vizuri na hewa ipite.

Ikae mwilini! Umwambie samaki aogelee. Jioni ileile alimpima Kiraka kifua, kiuno, urefu wa mgongo, akakata pamba laini ya shuka la zamani, akashona kwa mkono. Fulana ilikaa. Miguu minne ilitoka mahali pake, vifungo vikapita juu ya mgongo, na pale tumboni hukuona pa kupitisha hata kidole.

"Shona yangu ikae hivyo," mke alisema. "Miaka yote hii sijawahi kupewa kiuno namna hiyo."

"Wewe hutulii nikikupima."

"Mimi ndiye nisiyetulia?"

Siku zilizofuata ndizo zilizomtoa fundi roho. Mke akienda kazini kwenye kiwanda cha mikate, yeye alibaki na mbwa na kimya. Alikaa. Akainuka kumwangalia mgonjwa. Kiraka naye, kwa kuona miguu inatembea, akainuka. "Lala, baba, lala." Wakalala, mmoja godoroni, mwingine kwenye kiti. Fundi akakumbuka dirisha. Akainuka. Kiraka akainuka, anayumba, masikio yamesimama, macho hayamtoki miguuni. Fundi akienda mlangoni, mbwa nyuma. Akienda chooni, mbwa anasubiri nje akilia kwa sauti nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta.

Juu ya hayo kulikuwa na Shangazi. Huyu alikuwa shangazi wa bibi harusi mmoja wa mtaani, mwanamke wa sauti, mwenye gauni lake la sherehe kwenye foleni ya fundi. Alipita kila siku.

"Fundi, gauni?"

"Njoo kesho, shangazi."

"Kesho yako ina mwaka gani? Maana nimeshaziona kesho zako nyingi, zote zimepita bila gauni."

"Nina mgonjwa ndani."

Shangazi alichungulia. Aliona mbwa amevaa fulana. "Yaani huyo ameshonewa kabla yangu?" alisema, na akaondoka akicheka kwa hasira, aina ile ya kicheko ambayo ni afadhali mtu akutukane.

Asubuhi moja fundi alitoka uani kuanika taulo la mgonjwa. Aliporudi alimkuta Kiraka amejikunja, kichwa hakionekani. Kilikuwa ndani ya fulana. Pua yote imezama chini ya pamba na ulimi unafanya kazi, chapu, chapu, chapu.

"We!"

Kichwa kikatoka. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na wekundu.

Hakukumbuka kuvaa viatu. Alimbeba Kiraka mikononi kama mzigo wa nguo zilizopigwa pasi, akafika kwa daktari miguu mitupu, mmoja umejikata. Daktari alimlaza mbwa mezani, akafungua fulana, akatazama kwa muda mrefu kuliko fundi alivyopenda.

"Kitanzi kimoja cha juu kimetoka. Chini bado kumeshika." Alisafisha, akapaka gundi ya ngozi, akabandika. "Leo umebahatika. Vikitoka vingine, hatuna mchezo tena. Nani alishona hii fulana?"

"Mimi."

"Mbona inapwaya?"

Fundi akatazama. Kweli. Pale tumboni palipokataa kidole, sasa ngumi ilipita na saa yake. Alihisi damu inampanda masikioni. Ukutani kwake, juu ya kioo cha wateja, alikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HATUPIMI ALIYESHIBA. Alishawarudisha watu wazima nyumbani kwa kibao hicho, kwamba nenda, tumbo lishuke, urudi. Halafu yeye, fundi mzima, akampima mbwa siku aliyotoka kupasuliwa, tumbo limevimba kama boga. Uvimbe umeshuka, fulana imebaki na tumbo la juzi.

"Halafu anapumzika?" daktari aliuliza.

"Hapana. Kila nikisimama, anasimama."

Daktari alinawa mikono, akaifuta, kidole kwa kidole. "Basi usisimame."

Njia nzima aliyatafuna maneno hayo. Usisimame. Rahisi kwa mwenye makalio yake.

Nyumbani fulana ilihitaji kubanwa pande zote mbili, na haraka, kwa sababu Kiraka akiwa uchi tayari alikuwa anapinda shingo. Kwa mkono angechelewa. Fundi alimtazama mbwa, akaitazama cherehani chini ya shuka lake.

"Utanisamehe kelele," alisema, akafunua.

Alikaa. Alivuta kiti, akaweka mguu kwenye kanyagio, jicho moja kwenye mshono wa fulana, jingine kwenye mshono wa tumbo. Gurudumu likazunguka. Tra-ta-ta-ta. Kiraka aliinua kichwa. Fundi alisubiri aruke. Kiraka akaamka taratibu, akaja akiyumba, akanusa ule mguu unaopanda na kushuka mahali pamoja, usioelekea mlangoni wala dirishani. Akajilaza ubavu chini ya cherehani, mgongo ukigusa kisigino cha fundi, akashusha pumzi ndefu ambayo pengine alikuwa nayo tangu nyumba ile tupu.

Alilala. Si kusinzia kule kwa jicho moja. Alilala mpaka mdomo ukafunguka.

Fundi alimaliza kubana fulana. Aliinama kwa adabu zote akamvisha palepale, kifungo baada ya kifungo, safari hii akiacha nafasi ya pumzi na si ya pua. Alipoacha kukanyaga ili afunge cha mwisho, sikio la mbwa lilicheza. Mguu ukarudi kazini haraka. Sikio likalala.

Basi akavuta gauni la Shangazi lililokuwa karibu. Alishona mikono. Akapindua pindo. Alishikwa na kiu, akameza mate. Mguu uliojikata ukawasha, akauacha uwashe. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ukiligongesha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake fundi Sindano alilisikiliza dirisha likigonga bila kwenda.

Gauni likaisha. Uzi nao ukaisha. Hakukuwa na kitu tena cha kushona mahali ambapo mkono wake ungefika, na Kiraka alikuwa bado yuko mbali usingizini. Fundi akaendelea kukanyaga.

Hapo ndipo Shangazi alipojaza mlango.

"Fundi! Leo—"

"Shh! Liko hapo kitini. Chukua."

"Limeisha?" Alilinyanyua, akaligeuza nje ndani, akatafuta kosa, akakosa. Kisha akamtazama fundi: jasho usoni, mguu unakwenda mbio, sindano inapanda na kushuka hewani, haina uzi wala kitambaa. "Mtu huna adabu hata ya kusimama ukanisalimia?"

"Siwezi kusimama, shangazi."

"Sasa hapo unashona nini?"

Fundi Sindano alielekeza chini kwa kidevu. Shangazi aliinama, akaona fulana ikipanda na kushuka polepole juu ya tumbo lililofungwa vizuri.

"Tumbo," fundi alisema.

Shangazi alilitia gauni lake kwapani. Kisha akaenda kwenye lile dirisha lililokuwa likigonga, akalifunga kwa vidole viwili, bila sauti.

"Nikuletee maji?" alinong'ona.

"Ningeshukuru. Na kama hutojali, shangazi, mke wangu akirudi mwambie aje na mto. Haya makalio nayahisi sasa ni yangu."