Mwewe wa Shangazi

Shangazi yangu, muuguzi mstaafu, alimuuguza mwewe. Si njiwa wala kasuku: mwewe, mwizi wa vifaranga, aliyemkuta amenaswa kwenye waya wa ua. Alimlaza wiki saba katika chumba cha kufulia, akamlisha kwa koleo ndogo, kisha akamwachia. Majirani wenye kuku walinuna. Daktari wa mifugo naye alimwambia asijipe moyo sana, maana ndege aliyezoea kulishwa mara nyingi hushindwa kuwinda akafa kwa njaa.

Miezi mitatu shangazi alimpiga picha kila mwewe aliyepita juu ya bati lake. Siku moja akaniletea picha ya mmoja aliyetua kwenye mnara wa simu, jua nyuma yake, mweusi tii.

"Nisafishie, baba. Nataka kujua kama ni yeye."

"Utamjuaje, shangazi? Mwewe wote sura moja."

"Wewe safisha tu. Nikikwambia cha kutafuta utakiona hata kama hakipo."

Mimi nina studio. Kwa miaka kumi na minne nimefuta chunusi, nimepunguza matumbo ya mabwana harusi, nimefumbua macho ya watu waliosinzia kwenye picha za ukoo. Ndege ni kitu gani? Nikamlainisha kwa brashi ileile ya maharusi, akatoka anateleza kama kipande cha sabuni. Nikameza kiburi, nikaenda duka la pili kwa fundi wa mabango, mama asiye na subira hata chembe.

"Bibi harusi analainishwa, manyoya hayalainishwi," aliniambia. "Kwanza tengeneza nakala, ile ya asili usiiguse. Halafu inua giza kidogo kidogo. Chenga zikitokea, zile nuktanukta, ziondoe angani tu. Ndege mwache."

Kwa siku nne, wateja walipopungua, nilikaa kwake nikijifunza kumzungushia ndege mstari, unyoya kwa unyoya, hadi shingo ikakakamaa. Giza lilipoinuka, ikatokea rangi ya kahawia, kisha jicho, kisha mdomo wa manjano. Nilifurahi kama niliyemtaga mwenyewe. Nikaona pia mguu wa kushoto una pengo. Nikajua mwanga umekula kidole kimoja cha mbele. Nikanakili kimoja cha mguu wa kulia, nikakigeuza, nikakipachika. Hata fundi asingegundua. Nikachapa picha kubwa.

Shangazi alikuja studio, akavaa miwani, akaenda moja kwa moja miguuni, akihesabu kwa ncha ya kalamu. Kisha akaiweka picha mezani taratibu.

"Si yeye."

"Umejuaje?"

"Wangu waya ulimkata kidole cha mbele, mguu wa kushoto. Huyu anavyo vyote." Akavua miwani. "Basi. Atakuwa alikufa."

Ningenyamaza, heshima ya studio ingebaki, na sitaficha kwamba wazo hilo lilipita. Lakini alikuwa anahangaika kufunga kibweta cha miwani na kilikuwa kinakataa kufungika. Nikapiga moyo konde.

"Shangazi, hicho kidole nimekiweka mimi."

"Umekiweka vipi?"

"Nilidhani picha ina kasoro, nikairekebisha."

"Umemwekea mwewe kidole."

"Ndiyo, shangazi."

Nikafungua picha ya asili, nikainua giza la mguu peke yake. Vidole viwili mbele, na kijisiki.

Shangazi akaketi kwenye kiti cha picha za pasipoti, akacheka, akalia, akacheka tena. Nami sijawahi kufurahia kuumbuka kama siku ile. Roho ilinitulia hadi nikahisi njaa.

Alipojifuta machozi alisogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Kifua kimejaa," akasema. "Nilimwachia mbavu zinahesabika. Huyu anajiwindia." Kisha akanigeukia kwa jicho lile la wodini. "Au nacho umekijaza wewe?"

"Naapa, shangazi. Hicho kakitafuta mwenyewe."