Benchi la Jumatano

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulikuwa umepakiwa kwenye bodaboda unatoka Ukunda, na mfuko wa mboga mapajani, na ndugu yangu Chengo alikuwa amesimama ng'ambo ya zahanati, shati amelifunga vifungo vibaya, analitazama lile benchi la buluu kama mtu anayeitazama nyumba ya kwao iliyouzwa. Ukageuza uso, ukaitoa simu. Simu haikuwa imelia. Mimi nilikuwepo, nilikuona, na mimi sisahau.

Hebu nikukumbushe basi, maana kusahau kumekuwa kazi ya watu wengi hapa kwetu nyuma ya Kinondo.

Kabla ya chumba cha buluu palikuwa na benchi moja tu, refu, la mbao za mnazi, barazani pa zahanati. Lilikuwa benchi la Sista Mutheu, muuguzi, Mkamba aliyekuja hajui hata kumla samaki mwenye miba. Kila Jumatano aliwakalisha watu wote pamoja: wa presha, wa sukari, wajawazito, wenye vikohozi, na hawa ambao nyinyi mnawaita wa kichwa. Mmoja mmoja aliingia nyuma ya pazia, leso kuukuu iliyotundikwa kwa misumari, akatoka. Nani amefungwa mkono kupimwa presha, nani amechomwa sindano ya mwezi ya kunyamazisha sauti, hapakuwa na aliyejua. Hata wambea walishindwa. Bibi Sidi, jirani yetu, ambaye umbea kwake ni kama chumvi, alijaribu.

"Shikamoo, bibi," Chengo alimwambia siku moja, akimpisha.

"Marahaba, mume wangu. Mbona kila mwezi nakukuta hapa? Kijana mzima una presha?"

"Ninayo, bibi. Hunipanda nikikuona wewe."

"Basi usinioe, utaniacha mjane!"

Benchi zima likacheka, na yule aliyekuwa nyuma ya pazia akacheka naye. Chengo alicheka mpaka akafuta macho. Mtu huyohuyo, miaka ya nyuma, makuti aliyokuwa akiyashona kwa ajili ya mapaa ya hoteli za Diani yalianza kumsemesha, akayachoma, na sisi tukamzungusha kwa waganga mpaka mbuzi wakatuishia. Sindano ya Sista Mutheu ndiyo iliyomrudisha. Sindano, na benchi. Akirudi nyumbani alikaa uani, akashona makuti yake polepole, kisha akauliza kwa sauti, "Mama, leo mchuzi wa nini?" Mama akaacha mwiko, akaangalia juu, akasema alhamdulillahi. Kwa swali la mchuzi.

Natamani kulisikia tena swali hilo. Kuna jioni nasimama mlangoni pa jiko nalingoja, huku najua halitakuja.

Sista Mutheu akapewa uhamisho, akaenda Samburu, kule kwenye barabara ya malori. Na baada yake ukaja mradi wa wafadhili. Mnaukumbuka, maana mlikunywa soda zake. Hema, viti vya plastiki, fulana za bure. Wakajenga chumba kizuri pembeni, wakakipaka buluu, wakakiwekea benchi lake peke yake, na juu yake kibao kikubwa kinachoelekea barabarani, mbele ya stendi ya bodaboda: KLINIKI YA WAGONJWA WA AKILI.

Nilisimama siku ile. Nikasema, "Kibao hiki kitawafukuza watu."

Mgeni wa mradi akatabasamu. "Dada Hafsa, aibu huisha kwa watu kujitokeza."

"Wewe umejitokeza na gari, bwana. Wao watajitokeza kwa miguu, mbele ya wale," nikawaonyesha vijana wa bodaboda.

Mkampigia makofi yeye.

Jumatano ya kwanza nilimsindikiza Chengo mwenyewe. Hatukufika hata kwenye lango. Kijana mmoja wa stendi akapiga honi. "Niaje Chengo! Stendi yenu mmejengewa hapo, buluu kabisa!" Wenzake wakaangua kicheko. Chengo akasoma kibao, akasoma tena, midomo ikimchezacheza. Kisha akanishika mkono kama tulipokuwa watoto.

"Twende nyumbani, dada. Hapa si petu."

Hakurudi. Wengine nao wakaacha, mmoja baada ya mmoja, na kila nyumba ikalifunga tatizo lake ndani. Sauti zikamrudia Chengo wakati wa mvua ndefu. Sasa yuko jikoni kwetu, mguu umefungwa kwenye nguzo kwa kamba ileile aliyokuwa akifungia makuti. Fundo alilifunga mama. Ndani ya kamba aliweka tambara laini, isimchune ngozi. Anamsongea sima, anamlisha kwa mkono, na Chengo hali mpaka mama aonje kwanza. Hajui mchuzi ni wa nini. Haulizi.

Nikampigia simu Sista Mutheu. Malori yalikuwa yananguruma nyuma yake.

"Rudi, sista. Tumeharibikiwa."

"Siwezi kurudi, Hafsa. Nina benchi lingine huku."

Nililionea wivu benchi la watu wa Samburu ambao siwajui.

"Lakini lile la kwenu halikuwa langu," akasema. "Mimi nilitundika pazia tu. Waliokaa ni nyinyi."

Kesho yake nikaenda kwa Daktari Thoya, anayesimamia zahanati sasa. Si mtu mbaya. Amechoka tu, na amechoka kwa adabu.

"Chumba kipo," akaniambia. "Dawa ipo, sindano ya Chengo ipo kabatini. Watu ndio hawaji. Mradi wakiuliza, nawaambia wagonjwa wamepungua."

"Wamepungua au wamefungwa?"

Akainamisha kichwa. "Dada, nikiking'oa kibao, dawa itaondoka na kibao. Ni mali yao."

"Na mwenye presha akikaa kwenye benchi la buluu, utamfukuza?"

Akafikiri. Halafu akacheka, cheko fupi la mtu aliyesahau namna ya kucheka. "Benchi halina askari. Akae. Nitampima hapohapo."

Basi nikaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Sikuomba mchango wala saini. Niliomba watu waje wakae. Kila mlango nilipewa maji ya kunywa na inshallah. Nawe ulinipa. Uliniambia presha yako imepanda, ulitaka kupimwa hata hivyo, inshallah Jumatano utakuja. Jina la Mungu ukalifanya komeo la mlango.

Ikafika Jumatano iliyopita. Waliokuja kwenye benchi la buluu ni Bibi Sidi na mimi.

"Bibi!" wakamwita kutoka stendi. "Nawe akili zimeruka?"

"Kibao kinasema akili!" akawajibu. "Mimi ninayo, nimekuja kuitunza. Ya kwako iko wapi, mjukuu? Ilete tuipime, kama mizani itaiona!"

Wakacheka, lakini safari hii walimcheka mwenzao.

Mama alikuwa amemfungua Chengo asubuhi ile, akamleta kwa miguu mpaka ng'ambo ya barabara. Hapo Chengo akasimama, akagoma. Nikavuka. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yake.

"Mko wawili tu, dada."

"Wengine wako njiani."

"Wawili." Akatega sikio, kama anayewasikiliza watu wengine kwanza. "Nikikaa mimi, wote watajua ni mimi. Benchi likijaa, nitakuja."

"Chengo, ndugu yangu, sindano ni ya dakika..."

"Likijaa." Akaangalia nyuma yangu. "Bibi bado anatania?"

"Bado. Anakungoja."

Akatabasamu kidogo sana. Ndipo bodaboda yako ikapita kati yetu na benchi, ukaitoa simu. Chengo akaigeukia bodaboda, akaifuata kwa macho mpaka kona, kisha akageuka na kuondoka. Mama anasema alipofika jikoni alikaa karibu na nguzo, akaunyoosha mguu mwenyewe afungwe.

Mama hakulala usiku ule. Ananiuliza, "Watakuja?" Ananiuliza mimi, na jibu liko kwako.

Usinipe pole. Usiniambie serikali ifanye nini, nimeshawaandikia na nitawaandikia tena. Kesho ni Jumatano. Njoo na presha yako, njoo na kikohozi, njoo na mtoto wa kupimwa uzito, na kama huna ugonjwa njoo na matako yako matupu, benchi haliulizi. Kaa chini ya kibao, uso kwenye stendi. Vijana wakipiga honi, uliza kwa nini hawajaja kukaa. Mwachieni Chengo nafasi moja katikati, kando ya Bibi Sidi, amzoee tena.

Na simu yako iache nyumbani. Tutafungua saa mbili. Njoo ukae.