Bugali Bila Tumbo

"Maman Mapendo, bila tumbo bugali itaingia wapi?" Shemeji yangu Télesphore aliniuliza hivyo mbele ya daktari, kama vile nimeshakufa.

Daktari Carine alimjibu kabla sijamrushia neno. Vingekuwa vidonda vya kawaida, alisema, dawa zingetosha. Lakini vipimo vilionyesha kansa imeenea ndani ya mfuko wa chakula, ingawa haijatoka nje yake. Kwa hiyo angeutoa wote, kisha aunganishe utumbo na mrija unaoshusha chakula. Ningekula kidogo kidogo, mara nyingi, na kuchomwa sindano za vitamini maisha yangu yote.

"Basi toa," nikasema.

Miezi kadhaa baadaye, siku ya komunyo ya mjukuu wangu, Télesphore aliwawekea wote sinia ya bugali na samaki wa sambaza. Mimi akaniletea kikombe cha uji.

"Ya mugonjwa iko hii."

Nilimrudishia kikombe chake. Nikanawa, nikamega kitonge kidogo kama haragwe, nikatafuna taratibu, nikamega kingine.

Wageni walishiba, wakanawa mikono. Télesphore naye akanawa. Mimi bado nilikuwa ninakula.