Vigoda Saba Mezani

Pale makumbusho wananiita Mama Msasa, na jina hilo nimelitafuta mwenyewe. Kitu kikiingia karakana yangu kichafu, kinatoka kinang'aa. Uzembe siuwezi. Asubuhi ile nilipoambiwa nivipange mezani vigoda saba, nilivipanga kwa maringo, nikasimama kando na glovu zangu nyeupe.

Vigoda vyenyewe vilikusanywa zamani na ofisa mmoja aliyepita vijiji vya mtoni akibeba alichokitaka. Hakuandika jina la mtu. Daftari lake lina mstari mmoja tu: vigoda saba, vya wanawake. Sisi tukavipa namba, tukabandika karatasi: mwenyewe hajulikani. Miaka nenda, miaka rudi, ikawa hivyo hivyo.

Sasa mwenyewe alikuwa amekuja. Bibi mfupi, macho yote mawili hayaoni, kashikwa mkono na binti yake ambaye ni mwalimu wa shule. Alikuwa anadai kigoda cha mama yake. Mkurugenzi wetu alishaweka sharti: akitambue mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Akikosa, faili linafungwa na kigoda kinabaki kwetu moja kwa moja.

"Bibi, uko tayari?" mkurugenzi akauliza, kalamu mkononi.

"Niko tayari tangu nina miaka sita, baba. Siku kinachukuliwa nilikuwa nimekikalia. Nilinyanyuliwa kama kuku."

"Mama, usiwachoshe," binti yake akasema. "Tafuta tu."

"Nitafute nini? Kina meno yangu ukingoni. Nilikitafuna nikiwa mchanga, meno yanaota. Hata nilipokua, kila nikikikalia natia kidole kwenye vile vitundu. Na mguu mmoja umeungua, ulisogezwa sana motoni."

Jamani, moyo ulinilipuka paa! Namba nne. Nilikitengeneza mimi miaka mitano nyuma, na nakumbuka nilichoandika kwenye daftari la karakana: ukingo umetafunwa na panya, umepigwa randa na msasa hadi ukawa laini, doa la moto mguuni limeondolewa. Panya! Na siku ile nilipigiwa makofi na wafanyakazi wote.

Bibi akaanza. Cha kwanza akakipapasa, akakisukuma. Cha pili. Cha tatu. Alipofika cha nne kidole chake kikazunguka ukingo polepole, kikazunguka tena. Simama hapo hapo, bibi, nilisema moyoni, simama! Akakisukuma, akaenda cha tano.

Alipomaliza cha saba akafuta mikono kwenye kanga yake. "Hakipo."

"Mama, rudia."

Akarudia vyote, na safari hii pia akavisukuma. Mkurugenzi akanitupia jicho kali. Lile daftari la karakana alilisaini yeye, anajua kama ninavyojua. Mimi, kwa aibu, nikajitia kunyoosha glovu. Mungu anisamehe, nilitaka wamalize waende zao.

"Labda niliota tu," bibi akamwambia binti yake kwa sauti ndogo. "Labda hakikuwepo. Maisha yangu yote nawasimulia kitu ambacho hakikuwepo, mwanangu."

"Basi," mkurugenzi akasema, "naandika hakutambua."

"Huandiki!" Nilishtuka kusikia ni mimi. "Kipo. Ni namba nne. Meno nimeyatoa mimi."

Nikakimbilia karakana, nikarudi na daftari mbio mbio, nikamfungulia mwalimu ukurasa. Aliusoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye panya. Hapo akanigeukia.

"Sharti lilikuwa asisaidiwe," mkurugenzi akasema.

"Sharti lilikuwa akitambue. Kakitambua kabla hajakigusa! Tuliokivuruga ni sisi, halafu tumfungie faili yeye? Andika, mkurugenzi, la sivyo naandika mimi, na saini yako naionyesha."

Alininunia kweli kweli. Mwalimu alikuwa amelishikilia daftari mbele ya uso wake, halitikisiki. Mwishowe mkurugenzi akaandika, akasaini, akatoka bila kuaga. Kazi yangu niliiona ikitoka naye mlangoni, na sikujali.

Nikavua glovu, nikampakatisha bibi kigoda chake. Nilidhani atafurahi. Alikaa nacho, viganja vikienda vikirudi.

"Meno yalikuwa wapi?"

Nikamshika kidole, nikakiweka ukingoni. "Hapa."

"Na mguu ulioungua?"

"Huu."

Akaupapasa kuanzia juu hadi chini, akaurudia. Machozi yalikuwa yananitiririka. "Nisamehe, bibi. Nilidhani nakitunza."

"Kwa hiyo hata ungenipa cha jirani nisingejua," akasema taratibu. "Itabidi nikuamini wewe, mwanangu. Mkono wangu haukijui."